Lundo la tope la choo, jani la maharage, na mume niliyemngoja Masisi

Wakuu, salaam. Wakubwa wenzangu shikamooni, ingawa nadhani humu tumebaki wachache. Wadogo, marahaba, nimezipokea zote kabla hamjazitoa.

Jukwaa hili nalisoma muda mrefu ila sijawahi kuanzisha uzi. Juzi nimekuta kijana mmoja anaeleza jinsi bakteria wanavyotumika kurudisha chakula cha mimea kutoka kwenye tope la vyoo. Chini yake watu wamecheka, wamemtukana, mmoja kaandika kwamba hayo ni mambo mapya ya maabara, Mwafrika hajawahi kuyagusa.

Hapo nikavaa miwani.

Mimi ni bibi. Nipo Kigoma miaka mingi, nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo. Lakini kwetu ni Masisi, Kivu ya Kaskazini, Kongo. Haya yalinikuta miaka ya sitini, baada ya uhuru, nikiwa mke mpya. Sina cha kuongeza wala kupunguza. Umri wangu huu uongo unachosha, maana lazima uukumbuke.

Mnaokula sasa hivi, malizeni kwanza.

Mume wangu aliitwa Bauma. Mrefu, mpole, mkaidi. Ukimwona amekaa kimya ujue ameshaamua jambo na hakuna wa kumtoa.

Alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa la Mzungu mmoja agronome, yaani bwana shamba, upande wa kushuka Sake. Pale kulikuwa na shimo kubwa la saruji chini ya ardhi ambamo uchafu wote wa nyumba na wa kambi ya wafanyakazi ulikuwa unaingia. Tope lilituama chini. Yule agronome alikuwa analitoa, analichanganya na maganda ya kahawa, analirundika, anangoja mpaka lipate moto lenyewe. Baada ya miezi linakuwa udongo mweusi usionuka.

Kazi ya Bauma ilikuwa kuligeuza lile lundo kwa uma wa shamba. Kazi ambayo wenzake waliikimbia.

Baadaye Mzungu akaondoka kurudi kwao. Siku ya mwisho akawaambia wafanyakazi kila mmoja achague kitu kimoja, abebe. Mmoja akabeba kiti chenye mto. Mwingine sufuria kubwa. Mwingine saa ya ukutani, na hakuwa na ukuta wa kuitundika.

Bauma alirudi na kikapu cha tope.

Mnaelewa, wakuu? Nimesimama mlangoni, mke wa miezi michache, nimeshamwona jirani akipokea kiti. Wangu anapanda kilima anatokwa jasho, kikapu kimefunikwa majani ya migomba, nikasema leo Mungu ametukumbuka. Kufunua, tope.

Nililia. Tena kwa sauti.

"Riziki, usilie," akaniambia. "Ile kiti itavunjika. Hii iko inazaa."

Akanieleza kwamba mule ndani kuna viumbe visivyoonekana kwa macho, yule agronome aliviita mikrobe. Vinakula uchafu, vinatoa joto, na vikimaliza vinaacha kile ambacho mizizi ya maharage inakitafuta. Tope peke yake mmea hauwezi kulila, lazima hivyo viumbe vilitafune kwanza. Nanyi mnaotengeneza maziwa ya mgando mnajua, unabakiza kidogo ya zamani ili iamshe mapya. Kile kikapu ndicho kilikuwa cha kuamsha.

Na kweli tulihitaji. Shamba letu la mlimani lilikuwa limechoka. Maharage yanaota vizuri, halafu majani ya chini yanageuka manjano, kisha ya katikati, mwisho unavuna maganda mawili matatu yasiyo na kitu. Ng'ombe hatukuwa nao. Tulikuwa tunakula mihogo na chumvi.

Basi Bauma akachota choo chetu cha zamani kilichokuwa kimejaa. Akachanganya na migomba iliyokatwakatwa na mabua ya maharage, akaweka ule udongo wa kikapuni katikati, akafunika kwa majani. Akachomeka kijiti kirefu mpaka moyoni mwa lundo. Siku ya tatu asubuhi akakichomoa, akanipa nishike.

Kilikuwa cha moto. Niliruka.

Mkuu mmoja ataniuliza harufu. Siku za kwanza ipo, sikudanganyi. Lundo likishapata moto harufu inapungua, inabaki kama ya udongo baada ya mvua.

Tatizo ni kwamba lundo linataka miezi, na tumbo halijui hilo. Bauma alikuwa na mjomba wake Itebero, kule Walikale, ndani ya msitu, ambako ardhi ilikuwepo ya kutosha. Akaamua aende akafyeke shamba. Ni safari ya siku nyingi kwa miguu, unapita Mpofi, unaendelea, mito ikijaa unakaa ng'ambo unaiangalia.

Kabla ya kuondoka tukapatana hivi. Nipande maharage kwenye kipande tutakachotia ule udongo mweusi. Yakifika kimo cha goti nichume jani moja la chini nimtumie. Likiwa kijani, shamba limepona, anarudi mara moja. Likiwa manjano, shamba limekufa, basi atabaki huko, ajenge nyumba, apande mihogo, ndipo aje atuchukue wote tuhamie.

Mtasema, si ungetuma tu neno? Nilimuuliza hivyo hivyo.

"Neno sitaamini," akasema. "Mama atasema nirudie hata kama shamba iko majiwe tupu. Unamujua. Jani njo haliwezi kunipenda." ("Njo" ya kwetu ni "ndiyo" yenu.)

Mama yake alikuwa amekaa pale pale anachambua mboga. Nilijua ni kweli, maana mimi pia ningedanganya.

Akaondoka asubuhi moja ya ukungu. Tulisimama na mama mkwe mpaka hatukumwona tena, na tuliendelea kusimama.

Nikiri jambo, maana humu hakuna anayenijua. Nilimtamani yule mwanaume mpaka nikawa mjinga. Nilikuwa nikipika naweka na sehemu yake, halafu naila mwenyewe kwa hasira. Nilikuwa naenda kwenye lundo asubuhi nashika kile kijiti bila sababu, kwa kuwa yeye ndiye alikichonga. Kilikuwa na alama za kisu chake pale juu na kidole changu kilizijua zote.

Sasa mama mkwe. Watu walimwita Mama Bauma. Mwanamke mdogo wa mwili, mkali, msafi kupita kiasi. Uwanja wake ulifagiwa mara mbili kabla jua halijapanda. Mimi na yeye tulikuwa tunaishi kwa adabu, kila mmoja akiamini Bauma ni wake zaidi.

Wiki kadhaa baada ya Bauma kuondoka nikashika kijiti, kikawa vuguvugu. Baadaye kikawa baridi. Na lundo likaanza kutoa harufu kali ya kuchoma macho, mpaka machozi yananitoka.

Nikafikiri labda nimekosea kuligeuza. Nikaligeuza. Baridi. Nikamwaga maji. Baridi.

Asubuhi moja nimetoka mapema kwenda kisimani, nikamkuta Mama Bauma nyuma ya migomba, ameshika ungo wa majivu ya jikoni. Anayamwaga juu ya lundo taratibu, anatandaza kwa mkono vizuri, halafu anafunika na majani nisione.

"Mama! Unafanya nini?"

Hata hakushtuka.

"Naua mikrobe," akasema.

Wakuu, msimcheke. Zahanati iliwafundisha kina mama kwamba mikrobe ndiyo inaleta kuhara, inaua watoto, na dawa yake ni kumwaga majivu chooni kila siku. Yeye alikuwa amezika watoto wawili kwa kuhara kabla ya Bauma kukua. Tangu alipofundishwa hakukosa siku hata moja. Halafu mwanawe aliyebaki anakuja nyumbani na kikapu, anamwambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ni mikrobe, anataka kuifuga.

"Bauma alisema iko mikrobe mule," akaniambia. "Mi nilinyamaza juu iko mutoto yangu. Lakini nyumba ya mukristo haifuge mikrobe."

Nilimweleza. Nilipiga magoti, nikamweleza kwamba ziko za kuua na ziko za kufanya kazi, na hizi ndizo zitakazomrudisha Bauma. Kwamba majivu yanawaka mule, yanawaua wafanyakazi na kukitoa chakula cha maharage kiende na hewa, ndiyo ile harufu ya kuchoma macho. Nilikuwa narudia maneno ya Bauma tu, sikuyaelewa vizuri. Mengine niliyaelewa miaka mingi baadaye nikiwa mwalimu.

Akaniuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo mi njo nilimuzuia arudie?"

Akaweka ungo chini, akakaa kwenye majani yaliyolowa, yule mama asiyekalia hata mkeka wenye vumbi. Mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akilia mbele yangu.

Kisha akainuka, akapandisha kitenge, akaniambia nilete jembe.

Tulichimba pembeni, chini kabisa, ambako majivu hayakufika. Tukakuta kiasi cha kikapu kimoja cha udongo mweusi ambao bado ulikuwa na uvuguvugu. Tukaanza upya. Yeye ndiye aliyeshuka ndani ya choo cha zamani kuchota, alinikataza mimi nisishuke. Alijifunga kitambaa puani, akawa anaimba nyimbo za kanisani mule shimoni, mpaka wapita njia wakasimama barabarani kushangaa sauti inatoka wapi.

Siku ya nne kijiti kikawa moto.

Toka hapo lundo likawa lake. Nikiamka namkuta ameshafika, amechomoa kijiti, amekiweka shavuni akiwa amefumba macho, kama mama anavyompima mtoto.

"Iko na homa muzuri," anasema.

Ndiyo ikawa salamu yetu. Hatukuulizana tena umelalaje, tuliulizana homa. Na kwa namna hiyo, bila kupatana, tukaanza kupendana. Tulikuwa tunamngoja mtu mmoja.

(Vijana mnaotaka kujaribu: liacheni liive mpaka lipoe lenyewe na lisinuke kabisa, miezi na miezi. Msitie tope bichi kwenye mboga mkaja kunilaumu.)

Msimu ulipofika tukatia udongo mweusi kwenye kipande kile. Maharage yakatoka. Yakafika goti.

Nikainama nikatafuta majani ya chini. Kijani. Kijani kile cha giza kinachong'aa. Mama Bauma alienda mstari kwa mstari akiinua majani yote, akatafuta hata moja la manjano, akakosa. Akacheka peke yake shambani.

Alikuwepo mchuuzi mmoja, Papa Musafiri, mtu wa Mpofi. Alikuwa anapandisha mafuta ya mawese Masisi na kushusha maharage Walikale, na huko Itebero alifika. Nikachuma jani kubwa kuliko yote, nikalifunga vizuri kwenye jani la mgomba, nikalifunga tena, nikampa.

"Ni jani tu, Mama?" akauliza.

"Ni jani tu, Papa. Umpe mkononi."

Mama Bauma hakuweza kujizuia. Akamshika mchuuzi mkono.

"Umuambie arudie. Shamba iko muzuri. Umuambie mama yake njo anasema."

Tukaanza kuhesabu siku za kwenda, tukaongeza siku za kurudi, tukaongeza za mvua. Zikapita. Kila mtu aliyetokea kwenye kona ya njia tulimtazama miguu kwanza, maana Bauma alikuwa anatembea akitupa mguu wa kushoto nje kidogo. Maharage yakakauka, tukavuna. Tulivuna vizuri, wakuu, mpaka kikapu cha kuazima. Hatukufurahi.

Nilianza kuwaza mambo ya wanawake. Kwamba amepata mwingine kule msituni. Mama mkwe alikuwa anaona ninachowaza, ananiambia: "Bauma hapana. Iko mukaidi, haiko mubaya." Lakini naye alipungua. Kifua kilimshika, akawa anakohoa huku amejishika ukuta.

Mvua nyingine zimeanza na tumeshapanda tena, ndipo Papa Musafiri akatokea. Njia zilikuwa mbaya mwaka ule, alikwama sana. Sikumpa hata kiti.

"Ulimpa?"

"Nilimupa, Mama."

"Na maneno?"

"Na maneno pia. Akafungua ile jani yenu ya njano, akaiangalia sana. Akasema, sawa. Iko anajenga nyumba, nyumba muzuri, ya mulango mbili."

"Jani ya nini?"

"Ya njano."

Hebu mtu achume jani la maharage sasa hivi, alifunge kwenye jani la mgomba, alibebe siku zote hizo kwenye joto la msitu pamoja na mzigo. Litafikaje? Mimi mtoto wa mkulima, mama mkwe aliyechuma mboga maisha yake yote, na Bauma mwenyewe aliyepanga, hakuna hata mmoja wetu aliyewaza hilo. Tulikuwa tunawaza kuonana tu.

Nilipiga kelele. Mama Bauma akaniambia kwa sauti ndogo: "Lete chungu."

Tukang'oa shina zima, na mizizi yake, na udongo mweusi wake, tukalipanda kwenye chungu kilichopasuka mdomo. Papa Musafiri alicheka mpaka akakaa.

"Mi nimebeba mafuta, nimebeba chumvi, nimebeba kuku. Sijabeba maharagi yenye kunywa maji!"

"Utalinywesha," mama mkwe akamwambia, "kila mutoni."

Akaondoka nalo juu ya mzigo, linachezacheza. Ubarikiwe mahali ulipo, Papa Musafiri.

Mama Bauma aliendelea kwenda kwenye lundo. Tulikuwa tumeanza lingine jipya, na alilijenga kwa pumzi zake za mwisho, nami namkataza hasikii. Asubuhi ya mwisho alipofika pale alifunika majani, akayakandamiza pande zote, akachomoa kijiti, akakiweka shavuni.

"Iko na homa muzuri," akasema. "Leo inanipita mie."

Na yeye mwenyewe alikuwa anawaka homa. Nilimrudisha ndani nimemshika kiuno. Hakutoka tena. Siku mbili baadaye alifariki, na maneno yake ya mwisho yalikuwa kuniuliza kama njiani kuna mtu.

Tulimzika juu ya shamba, pale unapoona njia yote.

Sikugusa lundo. Sikuwa na moyo huo.

Siku nane baada ya mazishi nilikuwa napalilia. Nikasikia mtu anaita kutoka kwenye kona.

"Mama! Mama eh! Nimerudia!"

Mguu wa kushoto unatupwa nje. Mikononi amebeba chungu. Ule mmea aliurudisha, wakuu. Alitembea nao kutoka Itebero, anaunywesha kila mtoni, umeshatoa maganda. Alikuwa anacheka, anakiinua chungu juu ili mama yake akione.

Ndoto yangu ya miezi yote ile ilikuwa kumkimbilia. Nilinyoosha mkono tu kuelekea juu ya shamba, naye akaona udongo mpya.

Hakulia hapo. Aliweka chungu chini. Akatembea, akapita kaburi, akaenda nyuma ya migomba nami namfuata. Akaliangalia lundo jinsi lilivyofunikwa.

"Nani alifunika hii?"

"Mama."

Akachomoa kijiti. Kilikuwa bado cha moto.

Nikamwambia alivyokuwa anafanya. Bauma akakiweka shavuni, akafumba macho, akasimama hivyo mpaka kikapoa. Akakirudisha ndani, akangoja, akakichomoa, akakiweka tena shavuni. Alifanya hivyo sijui mara ngapi, mpaka nikamnyang'anya.

"Musafiri aliniambia," akasema. "Aliniambia mama anasema nirudie, shamba iko muzuri. Nikasema, ule ni mama tu. Mi nikaamini jani."

Alilirudia hilo maisha yake yote. Alilirudia hapa Kigoma, mzee wa mvi, siku chache kabla hajanitangulia.

Shamba lile lilitulisha miaka mingi, mpaka mambo ya kwetu yakatutoa tukaja huku. Sijui nani analilima sasa. Nimezikumbuka sana zile asubuhi: ukungu, majani ya migomba yanadondosha maji, na mtu wa kumuuliza homa ya lundo. Kuna siku nashika ukuta wa jiko langu ulio na joto nabaki nimesimama pale. Nimemkumbuka mume wangu, lakini nitasema ukweli, leo nimemkumbuka zaidi mama mkwe.

Kwa hiyo yule kijana wa bakteria msimtukane. Anachosema ni kweli na nimekishika kwa mikono hii.

Nililojifunza ni fupi. Kama mama yako yupo, na amekuambia rudi, usidai ushahidi. Anaweza kuwa anakudanganya kwa kuwa anakupenda. Wewe panda gari uende.

Nimemaliza, macho yameuma. Mwenye swali la mbolea aulize, nitamjibu kesho nikiamka. Na wewe uliyeitwa nyumbani ukachelewa, andika hapa chini, mimi nitakusoma.